Noti 16 na bahari tupu: kusoma upepo na maji kwa wapanda kaiti wa Paje

Programu ya simu inaonyesha upepo wa noti 16 Paje, jua linawaka, na hakuna kaiti hata moja angani. Kesho yake namba imeshuka hadi 12, lakini ikifika saa tisa alasiri anga ya Paje imejaa rangi. Mtu anayefuata namba hiyo peke yake atafunga safari nyingi kutoka Mjini au Dar es Salaam na kurudi na ubao mkavu, kwa sababu namba ya upepo inajibu swali moja tu kati ya matatu. Kwenye mwambao wetu saa nzuri za kaiti hupatikana pale mambo matatu yanapokutana: upepo wa majira, joto la jua la siku hiyo, na mwezi unaojaza na kukausha pwani. Kila kimoja kina saa zake. Mifano mingi hapa ni ya Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, lakini hesabu ni ileile ukiwa Jambiani, Diani, Watamu au ufukwe wa kaskazini mwa Malindi.

Kwa asiyeujua mchezo: kaiti ni kishada kikubwa cha mita za mraba 7 hadi 14 hivi, chenye mbavu na ukingo wa mbele uliojazwa hewa kwa pampu. Humvuta mtu aliyesimama juu ya ubao kwa kamba nne za urefu wa mita 20 hadi 24, na nguvu yake hubebwa na mkanda wa kiunoni, mikono ikibaki na kazi ya kuongoza fimbo. Ukingo ule wa hewa ndio uliouwezesha mchezo huu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliusajilia hataza mwaka 1984, kwa kuwa kishada cha kitambaa kitupu kikianguka majini hulowa na hakinyanyuki tena, ilhali chenye ukingo wa hewa huelea na kurushwa upya kutoka pale pale kilipoangukia. Mwaka 2024 mchezo uliingia kwenye Olimpiki ya Paris, mbio zenyewe zikifanyika kwenye maji ya Marseille.

Upepo wa majira

Kusi huanzia mbali. Miezi ya katikati ya mwaka nchi kavu ya Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na mgandamizo wa hewa huku chini hupungua. Wakati huohuo, katika Bahari ya Hindi upande wa Mauritius na Réunion, hewa nzito imetulia kwa mgandamizo mkubwa. Hewa hutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo, nasi tuko njiani. Hutufikia Unguja ikitokea kusini-mashariki, hujinyoosha na kutokea kusini ikifika pwani ya Kenya, na ikishavuka Ikweta mzunguko wa dunia huipindisha kulia, ikawa upepo wa kusini-magharibi unaokwenda Somalia, Uarabuni na India. Juu kidogo, kwenye kimo cha kilomita moja hadi moja na nusu, hewa hiyo hukimbia kama mkondo mwembamba wenye nguvu sana, ambao mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza katika miaka ya 1960. Ndugu zetu wa Oman wanaujua kwa jina la msimu wake, kharifu ya Dhofar. Upepo huohuo, ukiwa umepata nguvu zaidi, ndio unaowapeleka wapanda kaiti kwenye kisiwa cha Masirah kuanzia Juni hadi Agosti.

Kwetu kusi huingia Aprili, ila ikiwa pamoja na mvua za masika, na upepo wa mvua hautabiriki. Huanza kutulia na kuwa wa kuaminika Juni, hufika kilele Julai na Agosti kwa noti 15 hadi 20 siku nyingi, kisha hupungua Septemba. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Ni vizuri kuikariri hesabu hii, maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zake kwa kilomita. Tahadhari ya "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa" inazungumzia karibu noti 22. Mwenye ngalawa atabaki pwani siku hiyo, na mpanda kaiti wa kati atatoa kaiti yake ndogo kuliko zote.

Kaskazi ni mambo kugeuka. Asia imepoa, hewa nzito iko juu ya Uarabuni na India, nayo hushuka kwetu ikitokea kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Ni nyepesi kuliko kusi. Maji yana joto la nyuzi 28 hadi 30, anga ni safi, na hapo ndipo jua linapoingia kazini. Kati ya majira haya mawili kuna maleleji, ambapo upepo hugeukageuka na kufa, hasa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Novemba. Mwenye likizo ya wiki moja mwezi Aprili au Novemba aipeleke kwenye jambo jingine. Siku moja nzuri inaweza kutokea, lakini hakuna mahali pa kuikimbilia, kwa sababu utulivu huo hulala juu ya mwambao wote kwa pamoja.

Kazi ya jua

Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Kufikia saa tano asubuhi mchanga na mashamba ya Unguja yamepata moto, hewa juu yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi. Huo ni upepo wa bahari, na upande wa mashariki wa kisiwa hutokea mashariki. Ukiungana na kaskazi, vyote viwili vinaelekea upande unaokaribiana, hivyo vinajumlishana. Kaskazi ya noti 8 saa mbili asubuhi inaweza kuwa noti 15 saa nane mchana, na kudumu hadi jua linapokaribia kuzama.

Hii ndiyo siri ya siku ile ya namba 12 na anga iliyojaa. Utabiri wa kwenye simu hutoka kwenye mahesabu ya kompyuta yanayoigawa dunia vipande vya mraba. Mfumo wa Marekani uitwao GFS hutumia vipande vya kilomita 13 hivi, na wa Ulaya, ECMWF, kilomita 9. Unguja ina urefu wa kilomita 85 na upana usiozidi 39, kwa hiyo kisiwa kizima ni vipande vichache tu, na ukingo kati ya mchanga wa moto na maji hupotea ndani ya kipande kimoja. Upepo wa majira, ambao umeenea bahari nzima, mfumo unauona vizuri. Upepo wa bahari, unaozaliwa kwenye mpaka huo, unauona kwa shida. Basi wakati wa kaskazi ichukue namba ya simu kama msingi, kisha utazame anga. Mawingu madogo meupe yakianza kujipanga juu ya kisiwa huku juu ya bahari ni kweupe, jua linafanya kazi, ongeza. Anga ikiwa imefunikwa tangu alfajiri, mchanga haupati moto, na namba ile itabaki ilivyo au itapungua.

Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa na hewa huelekea baharini. Ndiyo umande, upepo mwanana wa kabla na baada ya alfajiri ambao wavuvi huutumia kutoka. Kwa mpanda kaiti wa pwani ya mashariki ni upepo wa kuogopwa, hata ukiwa laini, kwa sababu unamsukuma kwenda nje ya mwamba wa matumbawe unaokinga pwani, na hakuna kitakachomrudisha upepo ukifa.

Hilo linatupeleka kwenye upande upepo unakotokea, jambo ambalo wageni wengi hulipuuza wakikodolea macho nguvu peke yake. Upepo mzuri hukata ufukwe kwa mshazari ukielekea kidogo nchi kavu: kosa lolote litakurudisha mchangani. Paje inapata mshazari huo kwa majira yote mawili. Ukiwa umeikabili bahari, kusi hutokea mkono wa kulia na kaskazi mkono wa kushoto, na upepo umepita juu ya bahari tupu bila kukutana na mti wala ukuta. Ila kusi ikipinda ikawa kusini kabisa au kusini-magharibi, namba inaweza kuwa noti 16 na usiitamani. Upepo umepita juu ya minazi na nyumba, unafika umekatikakatika: kaiti inavuta kwa nguvu, inalegea, inaanguka. Ndiyo sababu pia upande wa Mjini, magharibi mwa kisiwa, hauna wapanda kaiti Julai ijapokuwa kusi inavuma kisiwa kizima.

Mwezi na maji

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu safari nyingi kuliko yote. Ndani ya mwamba, pwani ya Paje ni uwanda wa mchanga mweupe usio na mteremko wa kutajika. Maji yakijaa ni bahari, yakipwa ni matembezi. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Kwenye maji mafu, yaani siku za maji madogo, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja au moja na nusu.

Maji hujaa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kujaa kuna saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku saa za maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ukweli wenye manufaa zaidi, ambao wazee wa pwani wanautumia bila kuutaja, ni kwamba katika maji ya Unguja na Mombasa mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Ni hivyo kila mwezi, miaka nenda rudi. Maana yake kalenda ya Kiislamu ukutani ni jedwali la maji tayari. Tarehe 1 na 15 anza na saa kumi, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku. Bamvua yenyewe hufika kilele siku moja au mbili baadaye, na kuandama kwa mwezi huweza kutofautiana kwa siku, kwa hiyo kwa kupanga safari hesabu hiyo inatosha, na kwa kuingia majini tazama jedwali la bandari.

Chukua tarehe 15 ya mwezi wakati wa kaskazi. Saa nne asubuhi maji yametoka kabisa: mchanga, madimbwi, na mwamba unaonekana kwa mbali. Hata kama upepo ni noti 20, hakuna pa kupitia. Kufikia saa saba mchana maji yamerudi nusu, kiunoni au magotini kulingana na mahali, na mwamba bado unazuia mawimbi ya nje, hivyo uso wa maji umelala. Hizo ndizo saa tamu, kati ya saa saba na saa tisa na nusu, na jua nalo limeshaamsha upepo wa bahari. Baada ya hapo maji yanaupanda ufukwe hadi karibu na kuta na minazi, mawimbi yanavuka juu ya mwamba, maji yanachafuka, na ukanda wa kurushia na kuteremshia kaiti unakuwa mwembamba. Diani hali hiyo ni kali zaidi, mahali pengine mchanga hupotea kabisa. Anayetaka kuendelea avumilie juu ya maji hadi yaanze kutoka, au atoke mapema.

Tarehe 18 au 19, kupwa kumesogea hadi saa sita na nusu au saba mchana. Usiende mapema. Maji yatarudi kuanzia saa tisa, upepo wa bahari ukiwa kwenye kilele chake, na utateleza hadi jua linapozama. Tarehe 12 ni kinyume, maji yamejaa saa saba na nusu mchana, nawe unateleza kuanzia saa tano maji yakiwa yanaingia, na jioni yanakuacha. Tarehe 22, maji mafu: yanakupwa saa kumi jioni, lakini hayaendi mbali, hivyo kina cha kati hubaki karibu siku nzima. Anayejifunza na atafute siku hizi za tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23. Atapata saa nyingi za maji ya kusimama bila kukimbizana na bahari, na mkondo nao huwa dhaifu.

Wenye ubao wa mguu mrefu chini, ule unaomwinua mtu juu ya maji, wana hesabu ngumu zaidi. Mguu huo una urefu wa sentimita 75 hadi 90 na mara nyingi ni wa kaboni, na fungu la mchanga linatosha kuuvunja pamoja na goti la mwenyewe. Kwao ni maji makubwa au nje ya mwamba tu.

Ukubwa wa kaiti

Nguvu ya upepo haiongezeki kwa kufuatana na kasi yake, huongezeka kwa mraba wake. Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20 kaiti ileile huvuta mara nne. Ndiyo maana tofauti ya noti tatu, ambayo kwa mtembea ufukweni si kitu, humfanya mpanda kaiti abadilishe zana. Kanuni ya haraka kwa ubao wa kawaida ni hii: uzito wako kwa kilo zidisha kwa 2.2, gawanya kwa noti. Mtu wa kilo 75 kwenye noti 14 atapata 11.8, basi achukue mita 12. Kwenye noti 18 anapata 9, na kwenye noti 22 anapata 7 na nusu. Mwenzake wa kilo 60 kwenye noti 14 zilezile anatosheka na mita 9. Kwa mtu wa uzito wa kati, kaiti mbili, ya 9 na ya 12, zinamaliza karibu mwaka mzima wa Paje.

Wageni kutoka Ulaya hushangaa kuona kwamba noti 15 za hapa hazivuti kama za kwao. Hawakosei. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 10 kwa karibu asilimia 7, na mvuto wa kaiti hufuata uzito wa hewa.

Ukiwa huna kipimo, soma maji kati ya ufukwe na mwamba. Vichwa vyeupe vya povu vikitokea hapa na pale, upepo ni kama noti 12. Vikienea kila upande, umeshapita 16. Subiri dakika kumi ukitazama walioko majini kabla ya kuamua. Wakiwa na kaiti zimetulia juu na fimbo imesukumwa mbali, wana nguvu ya kuzidi. Wakiwa wanazungushazungusha kaiti ili wasizame, upepo ni mdogo kuliko walivyodhani.

Kufunga na kurusha

Jaza ukingo wa mbele hadi mgandamizo wa paundi 6 hadi 7 kwa inchi ya mraba kwa kaiti ya mita 12, na hadi 8 kwa ndogo, kwa kuwa mrija mwembamba unahitaji mgandamizo zaidi ili usipinde. Ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma iliyowambwa. Wengi huacha mapema kwa kuchoka, kisha upepo ukishika, kaiti inajikunja katikati na kuanguka. Ikishajazwa ilaze ukingo ukielekea upepo, na mchanga wa kutosha juu yake. Usiiache juani saa ya mchana ikiwa imejaa: hewa ndani hutanuka, na mishono hufumuka au mpira wa ndani hupasuka.

Kamba zitandazwe zote, zipitishwe vidole moja moja kutoka kwenye fimbo hadi mwisho. Mbili za katikati hubeba mzigo, mbili za pembeni huongoza. Kosa baya kuliko yote ni kuunga ya pembeni mahali pa ya katikati, maana kaiti itapaa ikizunguka bila kusikia fimbo. Kuna na tatizo la polepole: kamba za katikati, kwa kubeba mzigo, hurefuka baada ya miezi ya matumizi, hivyo za pembeni zinabaki fupi kwa kulinganisha, na kaiti inaanza kuanguka kinyumenyume kwenye upepo mdogo bila sababu inayoonekana. Funga ncha zote nne kwenye mti mmoja, vuta fimbo, uone kama imekaa sawa. Kazi ya dakika tano.

Wakati wa kurusha, msaidizi na kaiti wakae upande wa bahari, wewe upande wa nchi kavu, na mstari kati yenu ukate upepo. Kitambaa kikipepea, kaiti iko mbele mno kwenye upepo, nawe sogea hatua chache upande wa joshi, kule upepo unakotokea, hadi kitambaa kijae na kutulia. Ndipo utoe ishara. Kaiti ikiachwa upande wa demani, yaani kule upepo unakokwenda, itapanda ikiwa na nguvu zote na kukuburuta. Nyanyua taratibu hadi nusu ya anga, juu ya maji, na uingie majini mara moja. Tabia ya kusimama mchangani na kaiti imening'inia juu ya kichwa ukizungumza na wenzako ni ya hatari kweli, kwa sababu pigo moja la upepo likija kutoka hapo humnyanyua mtu badala ya kumvuta, na atatua kwenye mchanga mgumu au ukuta. Upande wa demani pawe na uwazi wa mita 50 angalau, zaidi ya mara mbili ya urefu wa kamba.

Majini, kosa la wanaoanza ni kuvuta fimbo kila wanapoogopa. Kuvuta hukaza kamba za pembeni na kuikabilisha kaiti zaidi na upepo. Mwanzo nguvu huongezeka, lakini ukipita kiasi hewa hujitenga na kitambaa, kaiti hupooza na kurudi nyuma. Anayeona kaiti inaanguka na asukume fimbo mbali, itapumua na kuruka tena. Kwenda joshi nako kunategemea ukingo wa ubao kuliko mikono. Kaiti ikae nyuzi 45 na itulie, uzito uwe visiginoni, macho yatazame unakotaka kwenda. Ukitazama kaiti utaifuata.

Njia majini ina sheria zake. Anayekwenda akitanguliza mkono wa kulia anapita, mwingine ampishe. Wakipishana, aliye joshi ananyanyua kaiti na aliye demani anaishusha. Anayetoka ufukweni ana haki kuliko anayerudi.

Waliotangulia kwenye maji haya

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwenye pwani hizihizi za Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Shamba ni safu za vigingi vya miti zilizofungwa kamba, na vishada vya mwani vimening'inizwa kwenye kamba hizo. Zao linahitaji wiki kama sita kabla ya kuvunwa. Maji yakijaa vigingi havionekani. Ubao unaopita juu hukata kamba na kumwaga kazi ya wiki hizo zote, na mtu akiangukia kigingi anajeruhiwa vibaya. Kamba za kaiti zikiwa zimekaza hukata ngozi, na mkulima aliyeinama kwenye maji ya magoti hawezi kukimbia.

Wakulima hushuka shambani maji ya bamvua yakiwa yametoka, asubuhi za tarehe za mwanzo na za katikati ya mwezi. Kwa maana hiyo jedwali lilelile linalokuonyesha saa zako linakuonyesha na zao. Kabla ya siku ya kwanza, tembea maji yakiwa yamekupwa, uone mashamba yameanzia wapi na yameishia wapi, na umuulize mwenyeji njia ipi iko wazi. Matembezi hayo yatakuonyesha pia matumbawe, mafungu, na mahali penye wale wadudu weusi wa miba mirefu ambao mwiba wao mguuni humaliza likizo. Nyavu na ngalawa nazo zipishwe kwa mbali, upande wa demani wa chombo, kamba zako zisipite juu ya mlingoti.

Mambo yanapoharibika

Wingu jeusi linalotokea upande wa upepo, likiwa na pazia la mvua chini yake, husukuma hewa baridi mbele. Kwanza huja ubaridi, kisha mstari mweusi juu ya maji, halafu upepo unaoweza kuwa mara mbili ya uliokuwapo, yaani mvuto wa mara nne. Mvua ikishapita upepo hufa kabisa. Teremsha kaiti ukiliona wingu, usingoje ubaridi. Hatari ya pili ni milango ya mwamba, yaani nafasi zilizo wazi kati ya matumbawe, wakati wa maji kutoka. Maji yote ya ndani hutafuta milango hiyo, na kwenye bamvua mkondo wake humshinda mwogeleaji. Wakati wa maji kutoka baki joshi ya mlango na karibu na ufukwe.

Upepo ukifa ukiwa mbali, vuta kifungulio cha dharura ili kaiti ibaki kwenye kamba moja bila nguvu. Zungusha kamba hiyo kwenye fimbo kwanza, mizunguko kadhaa, uifunge isirudi, ndipo ukunje zote nne pamoja ukijivuta kuelekea kaiti. Usizungushe kamba mkononi kamwe, maana upepo ukirudi ghafla utakata vidole. Ukiifikia, ipindue, shika ncha zake mbili ukiegemea ukingo wa hewa, nayo itakuwa tanga la kukurudisha pwani taratibu. Mkondo ukikuvuta kwenye mlango usipigane nao uso kwa uso, jisukume kwa ubavu hadi utoke ndani yake. Na usiiache kaiti, kwani inaelea na inaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Chombo kikija kukuchukua, toa hewa kwenye ukingo na ukunje kitambaa ukiwa bado majini. Kaiti iliyojaa ikipandishwa kwenye ngalawa huweza kushika upepo na kuwapindua wote mliomo.